Somo: Kuwinda nguruwe pori Texas, na namna ya kumfuata aliyejeruhiwa ndani ya kichaka

Wakuu, salaam kwenu.

Wenzetu wengi wanaoishi Texas, kuanzia Houston na Dallas hadi Abilene na Amarillo, wamekuwa wakialikwa na wenye ranchi waje kuwinda nguruwe. Mwaliko unapatikana, bunduki inapatikana, na nguruwe ni wengi mno. Shida inaanza pale mnyama anapopigwa, anapiga kelele moja, kisha anazama kichakani. Hapo ndipo watu humwacha afe taratibu kwa maumivu, au humkimbilia na kukutana na chonge zake uso kwa uso. Mambo ya mwanzo nitayapitia haraka. Nataka tukae kwenye kumfuata.

Kwanza mjue mnawinda nini. Huyu si ngiri, wala si nguruwe mwitu wa mashamba ya kwetu. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka au kuachwa porini tangu enzi za Wahispania, wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa Texas miaka ya 1930 kwa ajili ya kuwindwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wanakadiria kuwa jimboni humo wako zaidi ya milioni 2. Wanafukua mashamba usiku kucha, wanaharibu mito na chemchemi, na jike anabeba mimba kwa takriban siku 115 tu. Ndiyo maana hakuna msimu wala idadi ya mwisho ya kuua.

Hatua ya 1: Ruhusa na mipaka

Tangu Septemba 2019, kuwinda nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi Texas hakuhitaji leseni ya uwindaji, mradi mwenye ardhi ameruhusu. Lakini ruhusa hiyo inaishia kwenye uzio wake. Mnyama uliyemjeruhi akivuka kwenda kwa jirani, huruhusiwi kumfuata mpaka jirani akubali. Omba namba za simu za majirani kabla hujapakia risasi hata moja. Na ukiona mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo, jua ni sawa na bango la "usiingie".

Kusini na magharibi mwa Texas kuna mnyama aitwaye javelina. Kwa mbali anafanana na nguruwe mdogo, ila ana ukosi wa manyoya meupe shingoni na mkia wake hauonekani. Huyo ana msimu, ana idadi, na anahitaji leseni. Kama huna hakika, usifyatue.

Hatua ya 2: Mahali pa kulenga

Nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake ni hatari na masikio yake ni makali. Kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako.

Aliyezoea kupiga paa au swala atakosea hapa. Moyo na mapafu ya nguruwe viko mbele zaidi na chini zaidi, katikati ya mabega. Msubiri asimame ubavu, fuata mstari wa mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, na ulenge theluthi ya chini ya mwili. Ukipiga nyuma ya bega kama ulivyozoea, umempiga ini au tumbo. Ukipiga juu, risasi inapita kwenye nyama ya mgongo. Dume mkubwa pia ana ngao, yaani tabaka nene la ngozi ngumu juu ya mabega, hivyo tumia risasi inayopanuka bila kusambaratika. Bunduki ya kipimo cha risasi cha .308 au .270 inatosha kabisa. Ya .223 waachieni wenye shabaha ya kupiga nyuma ya sikio.

Hatua ya 3: Dakika ya kwanza baada ya mlio

Pakia risasi nyingine papo hapo huku jicho likiwa kwa mnyama. Usishangilie wala usisimame. Nguruwe aliyeanguka palepale anaweza kuwa ameguswa tu mfupa wa juu wa uti wa mgongo. Atazinduka baada ya muda mfupi na kuondoka mzima. Akijaribu kuinuka, mpige tena.

Akikimbia, angalia amekimbiaje. Aliyejikunja mgongo na kutembea polepole mara nyingi amepigwa tumboni. Anayetoka mbio kichwa chini akivunja matawi, huenda ni mapafu au moyo. Sikiliza mpaka kimya kiingie, maana katika vichaka vya Texas sikio linakuambia mengi kuliko jicho. Chagua alama mbili: mti au nguzo aliposimama, na mahali alipoingia kichakani. Zipige picha kwa simu ukiwa bado umekaa pale ulipofyatulia, kwa sababu ukishasogea kila kichaka kitafanana na kingine.

Hatua ya 4: Kusoma mahali alipopigwa

Hapa ndipo windo linapookolewa au kupotea. Nenda taratibu hadi aliposimama na uchomeke kijiti chenye utepe. Kisha piga magoti.

Damu nyekundu angavu yenye vipovu ni ya mapafu. Huyo hayuko mbali. Damu nzito, nyekundu iliyokolea sana, ni ya ini. Majimaji yenye rangi ya kijani au vipande vya chakula, na harufu mbaya, ni tumbo au utumbo. Kipande cha mfupa chenye damu kidogo mara nyingi ni mguu, na huyo ana uwezo wa kwenda mbali sana. Manyoya mengi bila damu huweza kumaanisha risasi imemparua tu juu, lakini usikate tamaa kwa hilo peke yake. Mafuta mengi chini ya ngozi ya nguruwe huziba tundu la risasi, na matope yaliyomganda nayo huzuia damu. Mnyama aliyepigwa vizuri kabisa anaweza kwenda hatua nyingi kabla tone la kwanza halijagusa ardhi.

Hatua ya 5: Kusubiri

Mapafu au moyo, subiri nusu saa. Ini, saa mbili hadi tatu. Tumbo, saa sita ikiwa hali ya hewa ni ya baridi. Najua joto la Texas linaharibu nyama upesi, na wengi wanatumia hiyo kama sababu ya kukimbilia ndani. Msimamo wangu ni huu: nguruwe wa tumbo akisumbuliwa mapema anaamka, anakwenda kilomita na zaidi, na hapo unakosa nyama na yeye anazidi kuteseka. Akiachwa atulie, kwa kawaida hulala kwenye kichaka kizito cha kwanza anachokiona salama, na hapo ndipo utamkuta. Kwenye joto kali nitapunguza muda, lakini nitaingia na mbwa aliyefunzwa, tena kimyakimya.

Hatua ya 6: Ndani ya kichaka

Wanaotoka Baringo, Kenya, watakielewa kichaka hiki bila maelezo. Mti unaotawala kule unaitwa mesquite, nao ni ndugu wa damu wa mathenge: miiba ileile, matawi yanayosukana yaleyale. Ongeza mipungate inayofika kiunoni na nyoka wenye njuga wanaojificha kivulini. Vaa viatu virefu vigumu, suruali nzito, na miwani ya kukinga macho.

Ingieni wawili, si zaidi ya watatu. Mmoja anasoma damu na hashughuliki na kitu kingine. Mwingine anabeba bunduki fupi, anatembea pembeni yake na nyuma kidogo, macho mbele, na mdomo wa bunduki haumvuki mwenzake hata mara moja. Kama bunduki ina darubini, iweke kwenye ukuzaji wa chini kabisa. Huko ndani nguruwe anatokea hatua tano mbele yako, na darubini iliyokuzwa itakuonyesha manyoya matupu.

Tembeeni pembeni ya njia ya damu, msiikanyage, kwa sababu huenda mkahitaji kurudi kuisoma upya. Kila tone, funga kipande cha karatasi ya chooni kwenye tawi. Mkifika mbali kidogo geukeni nyuma: ule mstari wa karatasi nyeupe unaonyesha anakoelekea. Usitazame chini tu. Nguruwe anapopenya hupaka damu kwenye majani na mashina, usawa wa jeraha lake. Ikiwa iko pande zote mbili za njia, risasi imetokea upande wa pili, na hiyo ni habari njema. Doa usilolijua, linyunyizie haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi. Likitoa povu jeupe, kuna uwezekano mkubwa ni damu. Nzi na sisimizi nao hufika kabla yako, uwaangalie wamejaa wapi.

Kila baada ya hatua kumi chuchumaa na uchungulie chini ya matawi. Nguruwe hutengeneza mapito ya chini kama mahandaki, na ukiwa umesimama huoni kitu. Kuchungulia ni sawa, kutambaa ndani usijaribu kamwe. Kwenye pito lile huwezi kugeuka wala kuinua bunduki, na dume aliyejeruhiwa mara nyingi hulala ameelekeza kichwa kule alikotoka. Zunguka, ingia kwa upande mwingine, au subiri mbwa.

Hatua ya 7: Kumkaribia na kumshughulikia

Ukimwona amelala, mfikie kutoka mgongoni. Mguse jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, risasi nyingine bila kusita.

Vaa glavu za mpira kabla ya kisu. Nguruwe hawa hubeba bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoingia kwa mtu kupitia mkwaruzo mdogo wa mkono. Toa matumbo haraka, weka barafu ndani ya mwili, na nyama yote ipikwe mpaka katikati ifike nyuzi joto 71 za Selsiasi. Na msisafirishe nguruwe hai, hata watoto waliokamatwa wazima. Texas ina sheria kali juu ya hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, damu ikikatika kabisa nifanyeje? Mimi hapo huwa naishiwa.

Jibu: Simama kwenye tone la mwisho, mwache mwenzako hapo asisogee. Wewe zunguka nusu duara mbele yake, kama hatua kumi, kisha panua. Tafuta unyayo sasa, si damu. Kwato za nguruwe ni za duara zaidi na butu kuliko za paa. Tafuta majani yaliyogeuzwa, utando wa buibui uliokatika, tope bichi kwenye shina. Ukishindwa, nenda moja kwa moja kwenye maji au dimbwi la karibu, kisha kwenye mapito ya nguruwe uliyoyaona mchana. Aliyejeruhiwa hupenda njia anazozijua.

Swali: Mkuu, mimi niko kwa visa ya mwanafunzi. Rafiki yangu Mmarekani akinikopesha bunduki kwenye ranchi ya baba yake, kuna tatizo?

Jibu: Lipo, na ni kubwa. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye visa ya muda kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Kwa hiyo ingawa Texas haikudai leseni kwa nguruwe, wewe ikate na utembee nayo. Asiye na hati halali za kukaa nchini asiguse kabisa. Wenye kesi za kuomba hifadhi ya ukimbizi ambazo hazijaamuliwa, ongeeni na mwanasheria wenu kwanza.

Swali: Niko Baringo, nguruwe wanamaliza mahindi yetu. Mbinu hizi zitanifaa?

Jibu: Pole sana ndugu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo bado ipo. Toa taarifa KWS, yaani Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania nao wanahitaji kibali cha mamlaka za wanyamapori. Kusoma nyayo hakumdhuru mtu, lakini bunduki iache.

Swali: Tukifuata usiku je? Kazi zetu ni za mchana.

Jibu: Texas inaruhusu kuwinda nguruwe usiku kwenye ardhi binafsi, lakini mjulishe mwenye ranchi na majirani. Kufuata damu, tumia taa nyeupe. Nyekundu inaficha damu kabisa. Kwa pigo la mapafu mnaweza kuingia. Kwa tumbo au mguu subirini mwanga, hata kama koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa Marekani, watamfikia kwanza.

Swali: Akinijia mimi?

Jibu: Piga ukiwa umesimama imara. Ukikosa nafasi, ruka kando nyuma ya mti wakati wa mwisho, au panda chochote. Usilale chini. Chonge hukata paja na goti, ambako kuna mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo beba mkanda wa kufungia jeraha mfukoni, si ndani ya begi, na mwenzako ajue uko mfuko gani.

Swali: Mbwa wangu naweza kumpa matumbo?

Jibu: Hapana, wala nyama mbichi. Nguruwe pori hubeba virusi vya ugonjwa wa Aujeszky. Kwa mtu havina shida, ila mbwa akiambukizwa hufa ndani ya siku chache. Mpe ya kupikwa ikiwa imeiva.