Kubandika kapeti ndani ya HiAce ya mizigo mwenyewe

Unahitaji kapeti za aina mbili. Ya kuta na dari iwe nyembamba, inayovutika kila upande, isiyo na mpira mgongoni. Ya sakafu iwe nene na ngumu. Zote ziwe za polista, kwa sababu zenye juti hunywa maji na kuyakalisha juu ya bati hadi lishike kutu.

HiAce ndefu ya kawaida ina nafasi ya mizigo ya karibu mita 3 kwa mita 1.5. Kwa jora lenye upana wa mita 2, chukua mita 11 au 12 za kuta, dari, milango na matao ya magurudumu, na mita 3.3 za sakafu. Gundi ni lita 5 hadi 6.

Gundi ndiyo inayoangusha kazi nyingi. Gari likishinda juani limefungwa, paa huwa la moto kiasi cha kutogusika, gundi ya kawaida ya kupuliza hulainika, na dari huanza kuning'inia kama chandarua. Tafuta ya kupaka pande mbili, na kopo liwe limeandikwa kwamba inastahimili joto la nyuzi 80 za Selsiasi au zaidi.

Toa siti na plastiki zote, na bolti za kila siti uziweke kwenye mfuko wake. Osha bati kwa sabuni, likauke, kisha futa kwa spiriti. Kutu isugue kwa msasa mpaka bati ling'ae, upake praima. Ukibandika juu ya kutu, gundi itaishika kutu vizuri tu, kisha kutu yenyewe ibanduke na kapeti yako. Usizibe matundu ya kutolea maji chini ya milango, wala usigandishe nyaya.

Kabla ya kukata, pitisha kiganja juu ya manyoya ujue yanalalia wapi, uchore mshale mgongoni mwa kila kipande. Vipande viwili vilivyolala tofauti vitaonekana kama rangi mbili. Acha ziada ya sentimita 5 kila upande.

Anza na dari, ili matone ya gundi yaangukie bati tupu. Fungua milango yote, vaa barakoa, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Paka bati na mgongo wa kapeti, nusu ya kipande kwa zamu, halafu subiri. Gusa kwa kifundo cha kidole: ikinata bila kuacha uzi, bandika. Ukiwahi, kapeti itateleza, ukichelewa, haitashika. Bonyeza kutoka katikati kwenda pembeni.

Penye mabonde ya bati, sukuma kapeti hadi chini ya bonde kwanza, ndipo uende kwenye tuta. Ukiivuta ipite juu kwa juu itakaza kama ngozi ya ngoma, na wiki chache baadaye itaachia. Tao la gurudumu lianzie juu, uivute kushuka pande zote. Kapeti inayovutika haihitaji mshono hapo. Kata ziada kwa wembe mpya, ubadilishe mara kwa mara, maana butu hunyofoa nyuzi.

Sakafu usiigundishe. Iache iweze kutolewa, maji yakiingia uianike, na mlangoni uibane kwa ukanda wa alumini wenye skrubu fupi. Angalia chini ya gari kwanza, kuna mabomba ya breki na mafuta.

Kapeti usiitoboe kwa drili, kwani ncha hudaka uzi mmoja na kuufumua mstari mzima. Tumia msumari uliopashwa moto, kapeti ikiwa nje ya gari. Chini ya miguu ya siti na nanga za mikanda, ikate kabisa, chuma kikae juu ya chuma. Kapeti ikibanwa hapo hulala polepole na bolti hulegea.

Liache gari wazi siku mbili kabla ya mtu kulala ndani.