Jinsi ya kucheki kama maji ya bahari yamekosa oksijeni

Kwanza usipime saa nane mchana, hapo mwani umeshapigwa jua na umetoa oksijeni kibao utadhani mambo safi. Nenda alfajiri, maana usiku kucha viumbe vimekuwa vinavuta tu bila kurudisha. Na shusha mita, yaani kile kifaa cha kupimia oksijeni, mpaka karibu na chini kabisa, usiishie juu! Ukikuta oksijeni iko chini ya miligramu 2 kwa lita samaki wengi hawawezi kukaa hapo, utawaona wanatweta mdomo wazi juu ya maji, inauma sana kuona.

Chanzo sasa. Mbolea na maji taka vinaleta nitrojeni na fosforasi, mwani unafumuka, unakufa, unazama, bakteria wanauozesha na ndo hao wanamaliza oksijeni ya chini. Joto nalo linazidisha, maji yenye joto hayashiki gesi vizuri halafu yanakaa juu kama kifuniko, hewa haishuki. Kwa hiyo pima joto pia, juu na chini, tofauti ikiwa kubwa ujue hayachanganyiki. Tangu miaka ya 1960 bahari imepoteza kama asilimia 2 ya oksijeni yake, sio mchezo. Mvua kubwa ikinyesha rudi ukapime tena, mbolea ndo inashuka na mito hapo.