Thunderbird Inapochelewa Kufunguka: Tafuta Kinachoikwamisha

Ukibofya ikoni ya Thunderbird, programu ya barua pepe, dirisha linatakiwa kuja na orodha ya barua ndani ya sekunde chache. Kwenye kompyuta yenye diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka), hata sekunde 10 ni nyingi. Kama unabofya, unakwenda jikoni kubandika chai, unarudi na dirisha bado ni jeupe, basi kuna kitu kinachoikwamisha, na kitu hicho hupatikana kwa kupima.

Watu wengi hukimbilia kuifuta programu na kuiweka upya. Kazi hiyo haisaidii hapa. Barua na mipangilio yako haikai ndani ya programu. Inakaa kwenye folda nyingine kabisa iitwayo profaili. Programu mpya itaifungua profaili ileile na itachelewa vilevile.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, na Thunderbird kuanzia toleo la 115 la mwaka 2023. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini. Usipoiona sehemu tunayoitaja ndani ya mipangilio, andika neno lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa «Settings».

Pima mara tatu kabla ya kugusa chochote

Chukua simu, fungua saa ya kuhesabu sekunde. Washa kompyuta upya, subiri dakika 5 Windows imalize shughuli zake za mwanzo, halafu fungua Thunderbird na uhesabu mpaka uweze kubofya barua na ikasomeka. Andika namba. Ifunge, fungua tena, andika namba ya pili. Kisha zima Wi-Fi au chomoa waya wa modemu, ufunge na kufungua kwa mara ya tatu.

Kati ya kufunga na kufungua, bonyeza Ctrl+Shift+Esc na uhakikishe jina la Thunderbird limetoweka kwenye orodha ya Task Manager. Dirisha likifungwa, programu inaweza kubaki nyuma ikimalizia kuandika mafaili. Ukiifungua wakati huo utaambiwa tayari inaendeshwa lakini haijibu, na vipimo vyako havitakuwa na maana.

Sasa zisome namba. Ikiwa mara ya kwanza ni sekunde 70 na ya pili ni 8, tatizo liko kwenye diski na ukubwa wa mafaili: mara ya pili Windows ilikuwa tayari imeshikilia sehemu kubwa ya mafaili hayo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ikiwa inafunguka upesi bila intaneti lakini inakwama yenye intaneti, angalia akaunti na mtandao. Zote tatu zikiwa ndefu na zinakaribiana, shuku nyongeza (add-ons, programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Thunderbird), kadi ya picha au antivairasi.

Nakili profaili

Funga Thunderbird. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles kisha Enter. Utaona folda yenye herufi na tarakimu zisizo na mpangilio, mara nyingi ikiishia na default-release. Inakili nzima kwenye flashi au diski ya nje. Angalia kwanza ukubwa wake na aina ya flashi, maana flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Ifomati upya kwa exFAT.

Anayetumia POP, njia ya kupokea barua inayozishusha kwenye kompyuta, asiruke hatua hii kwa hali yoyote, kwa sababu barua zake huenda ziko hapo tu na haziko tena kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wa barua. Anayetumia IMAP, njia nyingine ya kupokea barua, ana nafuu: barua ziko kwenye seva, ingawa kuzipakua upya kutamla bando.

Faili la Inbox ni mshukiwa wa kwanza

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo tatizo hupatikana mara nyingi zaidi.

Isipokuwa umebadilisha mwenyewe, Thunderbird huhifadhi folda nzima ya barua kama faili moja la maandishi. Barua zimefuatana humo kama karatasi zilizotungwa kwenye uzi mmoja, pamoja na picha na PDF zote zilizoambatishwa. Viambatisho hivyo hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na mgeuzo huo huongeza karibu theluthi moja ya ukubwa: PDF ya MB 9 inachukua zaidi ya MB 12 ndani ya faili.

Ingia kwenye profaili, fungua folda ya ImapMail, au Mail kama unatumia POP, kisha folda yenye jina la seva yako. Utayaona mawili pamoja: Inbox, isiyo na nukta wala herufi baada ya jina, na Inbox.msf. La kwanza ndilo lenye barua zenyewe. La pili ni faharasa tu, inayosema barua gani iko wapi. Tazama ukubwa wa lile la kwanza. Likizidi GB 2 kwenye diski ya kuzunguka (HDD), usitafute mbali.

Ajabu yake ni kwamba sehemu nzuri ya GB hizo inaweza kuwa barua ulizokwisha kuzifuta. Katika folda zinazokaa kwenye kompyuta yako, kila barua huanza na mstari wa «From - », na chini yake kuna mstari kama huu:

X-Mozilla-Status: 0001

Tarakimu hizo zina maana kuwa barua imesomwa. Ukiifuta, mstari unageuka kuwa 0009, yaani imesomwa na imefutwa. Basi. Mwili wa barua pamoja na viambatisho vyake unabaki palepale ndani ya faili, hauonekani kwenye orodha lakini unachukua nafasi, na kila anayelisoma faili analazimika kuupitia.

Dawa yake ni kuibana folda. Safisha kwanza takataka: bofya kulia kwenye «Trash», chagua «Empty Trash». Kisha bofya kulia kwenye Inbox, chagua «Compact». Thunderbird inaandika faili jipya lenye barua hai peke yake, halafu inaliweka mahali pa lile la zamani. Kwa sababu kwa muda mfupi mafaili yote mawili yapo, diski iwe na nafasi wazi inayozidi ukubwa wa Inbox. Na umeme usikatike katikati: kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) ibanwe saa ambazo umeme hausumbui, na laptopu iwe na chaji ya kutosha. Usiifunge programu mpaka maandishi ya chini ya dirisha yaseme imemaliza.

Ukibana na faili likabaki kubwa, maana yake barua hai ndizo nyingi. Zihamishe. Chagua barua za miaka iliyopita na ubonyeze herufi A. Thunderbird itazipeleka kwenye folda ya «Archives» ikizipanga kwa mwaka. Chukua mia chache kwa mkupuo, hasa kama intaneti ni ya kusuasua. Ukimaliza ibane Inbox tena, kwa kuwa kuhamisha nako ni kunakili upande mmoja na kuweka alama ya kufutwa upande wa pili. Watu husahau hatua hii ya mwisho kisha wanalalamika kuwa kuhamisha hakukusaidia. Ukiweza kuiacha Inbox chini ya GB 1, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Ndani ya «Settings», sehemu ya «General», kuna kisanduku cha kubana folda zenyewe zikifikia kiwango fulani cha nafasi ya kuokolewa. Kiwekee tiki na uache MB 200.

Antivairasi inayosoma faili zima

Barua moja mpya ikiingia, faili la Inbox limebadilika, na kwa antivairasi faili lililobadilika ni faili la kukaguliwa. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. Inbox ya GB 4 ni sekunde 40 za kusoma tu, bila kuhesabu ukaguzi wenyewe, na muda huo Thunderbird imesimama kwenye foleni.

Fungua Windows Security, «Virus & threat protection», «Manage settings», shuka hadi «Exclusions», uongeze folda ya profaili. Ukiwa na antivairasi nyingine, tafuta sehemu yake ya kutenga folda. Tenga folda ya profaili peke yake, usitenge diski nzima. Kiambatisho bado kitakaguliwa ukikifungua au ukikihifadhi, kwa sababu wakati huo kinaandikwa nje ya profaili.

Kuna sababu ya pili ya kufanya hivi, nayo ni nzito kuliko kasi. Antivairasi ikikuta kirusi kwenye barua moja inaweza kulifungia faili zima, na kwa kuwa faili ndilo folda, Inbox yako yote inatoweka kwa ajili ya tangazo moja la kitapeli.

Faharasa iliyoharibika

Umeme ukikatika Thunderbird ikiwa wazi, faili la .msf linaweza kubaki nusunusu. Dalili yake: folda moja tu inachelewa, idadi ya barua zisizosomwa haiendani na unachokiona, au kichwa cha barua kinafungua barua nyingine. Bofya kulia kwenye folda hiyo, «Properties», kisha «Repair Folder». Kwa IMAP inaweza kupakua upya barua za folda hiyo, kwa hiyo fanya ukiwa na intaneti isiyo ya kupimwa. Usiende kufuta mafaili kwa mkono, maana Inbox na Inbox.msf zimekaa pamoja na ni rahisi kufuta lile lisilo lenyewe.

Inapokwama yenye intaneti tu

Anza na akaunti zilizokufa: anwani ya kazi uliyoiacha, akaunti ambayo nenosiri lake lilibadilishwa. Kila moja inagonga mlango wa seva na kusubiri jibu lisilokuja. Iondoe kwenye «Account Settings», au uondoe tiki ya kukagua barua mpya wakati wa kufungua.

Kisha «Settings», «General», sehemu ya mtandao, kitufe cha kubadilisha muunganisho. Ukikuta imewekwa kujitafutia yenyewe proksi (kompyuta ya kati inayopitishia intaneti), badilisha iwe «No proxy». Nyumbani kwa kawaida hakuna proksi, na kuitafuta ni kusubiri bure.

Kwa IMAP, ingia «Synchronization & Storage». Ukiondoa tiki ya kuweka barua za folda zote kwenye kompyuta, au ukiweka kikomo cha siku 90, programu itapakua kidogo na mafaili yatabaki madogo. Gharama yake ni kwamba barua za zamani hutazisoma intaneti ikikatika.

Inapochelewa wakati wote

Shikilia Shift huku ukifungua Thunderbird. Litakuja dirisha la «Troubleshoot Mode». Usiweke tiki popote; bofya kuendelea. Hali hii inazima nyongeza zote na uharakishaji wa kadi ya picha. Ikifunguka upesi, rudi hali ya kawaida, zima nyongeza zote, kisha uziwashe moja moja mpaka ile yenye kosa ijulikane. Nyongeza zikiwa safi, andika «hardware» kwenye kisanduku cha kutafutia, uondoe tiki ya uharakishaji, na utafute draiva mpya ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha.

Kwenye «General» humohumo angalia kama Windows Search imeruhusiwa kutafuta ndani ya barua. Ikiruhusiwa, Thunderbird inaandika faili dogo kwa kila barua. Barua 30,000 ni mafaili 30,000, na diski ya kuzunguka inateseka sana na mafaili madogo kuliko hata faili moja kubwa. Zima. Utafutaji wa ndani ya Thunderbird hauitegemei.

Utafutaji huo nao una hifadhi yake kwenye profaili, global-messages-db.sqlite. Ikivimba au ikiharibika, funga programu, libadilishe jina faili hilo, fungua tena. Litajengwa upya polepole kwa nyuma, na kazi hiyo ikiendelea usishangae kompyuta kuwa nzito kwa saa kadhaa.

Diski yenyewe

Kwenye Task Manager, «Performance», bofya «Disk 0»: pameandikwa SSD au HDD. Ikiwa ni HDD na inasoma asilimia 100 dakika nyingi baada ya kuwasha, kwanza punguza programu zinazojiwasha, kwenye «Startup apps». Laptopu nyingi zilizotumika zenye HDD ya inchi 2.5 hupokea SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi hizohizo mahali palepale. SSD ya GB 256 inatosha nyumba nyingi, na kama diski nzima itahamishwa kwa programu ya kuklonisha (kuinakili kama ilivyo), profaili inabaki kwenye njia yake na Thunderbird haihitaji kuguswa.

Ile nakala ya profaili uliyoifanya mwanzoni nayo ni kipimo. Ikiwa kunakili kulikwenda vizuri kisha kukaganda dakika nzima kwenye faili moja, au kukaleta kosa la kusoma, diski ina sehemu mbovu. Hapo usibane folda, usirekebishe faharasa, usiendeshe kazi yoyote ndefu ya kuandika. Okoa kwanza barua, hati na picha kwenda diski nyingine, ukianza na zile zisizo na nakala mahali pengine.