Paka Akipotea, Mtafute Karibu Kwanza

Paka aliyezoea kulala ndani akichomoka getini, mara nyingi haendi mbali. Hujibana kwenye uficho wa kwanza anaouona, akanyamaza. Hapo ndipo wengi hukosea: huzunguka mtaa mzima wakimwita, kumbe yuko nyuma ya tenki la maji la jirani, anawasikia na haitiki. Paka aliye ugenini hujilinda kwa kukaa kimya, na hofu hiyo humfunga mdomo hata akisikia sauti ya mwenye kumlisha.

Anzia ndani mwako. Fungua makabati na droo, chungulia uvunguni, nyuma ya friji na darini. Ukishahakikisha hayumo, simama pale alipotokea, kisha pekua nyumba mbili tatu za kila upande, na za nyuma pia. Usitosheke na jibu la "hatujamwona". Omba kwa adabu uingie uangalie mwenyewe, maana paka aliyejificha haonekani na mtu asiyemtafuta. Pita banda la kuku, mabati yaliyoegemezwa ukutani, ua wa michongoma, karavati, na magari yaliyoegeshwa. Mwombe dereva agonge boneti kabla ya kuwasha. Sehemu ya kuogopwa zaidi ni stoo. Mtu hufungua asubuhi kuchukua jembe, paka anapenya, mlango unafungwa, na huenda usifunguliwe tena wiki nzima.

Rudia usiku, kuanzia saa tano, mtaa ukishatulia. Mwarifu mlinzi na majirani kabla, usije ukadhaniwa mwizi. Tochi ishike usawa wa shavu, karibu na jicho lako. Macho ya paka hurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo ukiishika tochi kiunoni mng'ao utakupita. Mulika polepole chini ya vitu, kisha juu ya kuta na miti. Ukiona nukta mbili za kijani au manjano, usimkimbilie. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, usimkodolee macho, kisha tikisa taratibu kopo la chakula analolijua.

Ikiwa haji, weka dagaa wa kukaanga kidogo karibu na mlango alikotokea, na unyunyize majivu kuzunguka sahani. Nyayo za paka ni za mviringo, hazina alama za kucha. Za mbwa huwa nazo. Chakula kiwe kidogo, ukiondoe kukicha, la sivyo utakusanya siafu na paka shume wa mtaa mzima. Kwa sababu hiyohiyo usimwage nje mchanga wake wa choo: harufu yake huvuta madume, na paka mwoga hatasogea walipo.

Akikataa kushikwa, tumia kreti, yaani kizimba cha kubebea paka chenye mlango. Funga kamba ya mita tano hivi kwenye mlango wake, weka dagaa mwisho kabisa wa kreti, ukae mbali. Vuta pale tu mwili mzima na mkia vikishaingia. Ukivuta mapema akaponyoka, hatalisogelea tena kwa urahisi. Kisha lifunike kreti kwa khanga, giza litamtuliza. Akimuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kipo kwetu, na paka pia hukiambukiza.

Wakati huohuo bandika matangazo: picha ya mwili mzima, neno PAKA AMEPOTEA linalosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, mtaa na namba ya simu. Ingiza karatasi kwenye mfuko wa nailoni, mdomo wa mfuko ukitazama chini ili mvua isiingie. Pa kubandika ni dukani, buchani, kijiweni kwa bodaboda na kwa wauza samaki. Wazoa taka waambie kwa mdomo, kwa sababu hupita vichochoro ambavyo wewe huvijui. Tuma pia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Alama moja usiitaje popote, mathalani doa chini ya kidevu. Matapeli watapiga wakidai wanaye, wakiomba nauli kwanza. Waulize alama hiyo, na usitume senti kabla ya kumwona paka.

Akipatikana, mpe maji na chakula kidogokidogo. Paka aliyekaa siku kadhaa bila kula, hasa mnene, anaweza kuharibika ini, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima.

Kinga kubwa ni kumhasi, akiwa na miezi minne hadi sita. Dume asiyehasiwa husafiri mbali akifuata majike, na jike akiwa kwenye joto, yaani akitaka dume, hutafuta kila upenyo wa kutokea. Weka wavu imara madirishani. Kola iwe na kifungo kinachoachia kikivutwa, ili akinasa tawini asinyongwe. Vidole viwili vipite kati yake na shingo. Mzoeshe sauti ya kopo kila unapomlisha. Mkihama, mfungie ndani wiki mbili hadi tatu, na uwaachie namba yako majirani wa zamani, kwa sababu paka wengi hujaribu kurudi walikotoka.

Chipu ya chini ya ngozi, kidude cha kielektroniki chenye ukubwa wa punje ya mchele, hubeba namba ya tarakimu 15. Haionyeshi paka alipo; husomwa kwa kifaa cha daktari, na namba hiyo humfikia mwenye paka pale tu ilipoandikishwa pamoja na simu yake. Ukibadilisha laini, badilisha namba ya simu siku hiyohiyo kwenye rekodi ya chipu na kwenye kola.