Kabla ya kulipia jina la intaneti, chunguza ni nani anayeshika kiishio chake

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayetaka kuweka duka lake kwenye intaneti kwa kawaida huulizwa na fundi wake anataka jina gani, na mazungumzo huishia hapo. Swali zito zaidi ni jina hilo litakaa chini ya kiishio gani, na kiishio hicho kiko mikononi mwa nani. Herufi zinazofuata nukta, kama .com, .cd au .africa, hugombaniwa na makampuni, serikali na mashirika, na mwenye duka aliyekodi jina chini yake haitwi kwenye kikao, ingawa hasara inaweza kumfikia.

Tambua kwanza aina ya kiishio. Vile vya herufi mbili ni vya nchi, na kila nchi ina kanuni zake. Chetu, cha Kongo, ni .cd, kilichoanzishwa mwaka 1997 nchi ilipoacha kuitwa Zaire; .zr ya zamani ilifutwa kabisa mwaka 2001. Jihadhari pia na viishio vya nchi nyingine vinavyotolewa bure. Kwa miaka mingi vijana wengi walijenga tovuti zao juu ya .ga ya Gabon na .ml ya Mali, ambazo ziliendeshwa na kampuni ya kigeni. Mwaka 2023 nchi hizo mbili zilichukua tena viishio vyao, na majina mengi sana ya bure yakazimwa. Kwa maoni yangu, jina la bure linafaa kwa mazoezi ya mwanafunzi, si kwa biashara yenye wateja.

Viishio vipya vya herufi tatu na zaidi husimamiwa kwa mikataba na ICANN, shirika lenye makao California linaloratibu majina ya intaneti duniani. Katika duru ya kuomba viishio vipya ya mwaka 2012 lilipokea maombi 1,930, kila moja kwa ada ya dola 185,000, na kati ya hayo yote Afrika ilileta 17 tu. Kwa duru iliyopangwa kufunguliwa mwezi wa nne 2026, ada ilipandishwa hadi dola 227,000. Kwa hiyo utasikia matangazo mengi ya viishio vipya, na baadhi yake yatakuomba ulipe mapema ili “uhifadhiwe nafasi”. Usilipe kabla ya kufungua orodha ya IANA, idara ya ICANN inayotunza daftari la viishio vyote, ambayo ni bure kwa kila mtu na inaonyesha kila kiishio kilichokwisha kuingizwa katika mfumo, jina la anayekishika na tarehe kilipoingizwa. Kisichokuwamo humo hakiwezi kufanya kazi, hata kama muuzaji ana risiti nzuri ya kukuandikia.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza hivyo, fuata kesi ya .africa. Kiishio hicho kiliombwa mwaka 2012 na pande mbili: ZACR, shirika la kuendesha viishio la Afrika Kusini, lililoungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika, na DotConnectAfrica, taasisi ya binafsi. Kanuni ilidai kwamba jina la bara likubaliwe na angalau asilimia 60 ya serikali za eneo husika. Mwaka 2013 kamati ya serikali ndani ya ICANN ililipinga ombi la DotConnectAfrica, na ICANN ikalisimamisha. Wenye DotConnectAfrica walikwenda mbele ya jopo huru, ambalo mwezi wa saba 2015 liliamua kwamba bodi ya ICANN ilikiuka kanuni zake yenyewe; kisha wakafungua kesi California, ambako mwaka 2016 jaji alizuia kwa muda kiishio hicho kisikabidhiwe. Zuio liliondolewa mwezi wa pili 2017, .africa ikaingizwa katika mfumo mwezi huohuo chini ya ZACR, na umma ukaanza kujiandikisha mwezi wa saba. Miaka mitano ilipita, na aliyekuwa ameshachapisha jina la .africa kwenye kibao cha duka lake angebaki na kibao tu.

Angalia pia kiishio kilinunuliwa kwa bei gani. Waombaji wa jina moja wasipoelewana, hupelekwa mnadani: .shop ilichukuliwa kwa dola milioni 41.5 mwaka 2016, na .web ilifikia milioni 135 mwaka huohuo, halafu ikaingia katika mabishano ya kisheria. Fedha hizo zitarudishwa na wanaokodi majina. Kwa hiyo usidanganywe na bei ya mwaka wa kwanza; uliza bei ya kuongeza muda, kwa maandishi. Mkataba wa kawaida wa ICANN humtaka mwendeshaji atoe taarifa siku 180 kabla ya kupandisha bei hiyo, na humruhusu mwenye jina kulipia mpaka miaka kumi mbele kwa bei ya zamani, isipokuwa kwa baadhi ya majina yanayouzwa kwa bei maalumu.

Jina liandikishwe kwa jina la biashara kama lilivyo kwenye RCCM, yaani daftari la serikali la biashara, pamoja na barua pepe ambayo wewe mwenyewe unaifungua, si ya fundi. Mafundi huhamia Kolwezi au Kinshasa, na nenosiri huondoka nao.

Alama yako ya biashara isajiliwe pia, kwa sababu RCCM peke yake haithibitishi haki ya alama. Kiishio kipya kinapofunguliwa, wenye alama zilizowekwa katika hifadhi ya ICANN hupewa angalau siku 30 za kutangulia. Mtu mwingine akilichukua jina lako katika viishio hivyo, unaweza kulalamika WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki na alama lililoko Geneva, kwa ada inayoanzia dola 1,500, na utatakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yako, kwamba yeye hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya.