Huduma isiwake kabla ya folda ya NFS

Kama programu yako inasoma data kutoka NFS (folda iliyo kwenye seva nyingine, inayofikiwa kupitia mtandao) na seva inatumia systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux), achana na kuweka sleep 30 (kusubiri sekunde 30) kwenye skripti. Endesha `systemctl edit jina.service`, kisha andika:

[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/data

Badala ya /srv/data weka njia ya folda yako. Huduma sasa itasubiri folda imauntiwe (iunganishwe kwenye mfumo wa faili), na ikishindikana haitawaka kabisa. Afadhali hivyo. Vinginevyo programu itaandika kwenye folda tupu ya diski ya ndani. NFS ikija kukaa juu yake, faili hizo zinafichika na utadhani data imepotea. Kinga ya ziada ikiwa diski ya ndani inatumia mfumo wa faili wa ext4 au XFS: wakati NFS haijamauntiwa, endesha `chattr +i /srv/data` (inafunga folda isibadilishwe) kama root. Hakuna kitakachoandikwa humo kwa bahati mbaya.

Ili huduma isubiri mtandao, wengi huweka After=network.target, lakini hiyo haihakikishi kwamba mashine imeshapata anwani ya IP. Unayoitaka ni network-online.target, nayo haina maana ikiwa huduma inayosubiri mtandao uwe tayari, yaani NetworkManager-wait-online (au systemd-networkd-wait-online, kutegemea unachotumia) imezimwa. Kagua hilo kwanza.

Kwenye fstab (faili la /etc/fstab linaloorodhesha folda za kumauntiwa), systemd huitambua nfs kuwa ya mtandao hata bila chaguo la _netdev (linalosema folda inahitaji mtandao). Chaguo hilo lina kazi zaidi kwa ext4 iliyo juu ya iSCSI (diski inayofikiwa kupitia mtandao). Ongeza nofail ili seva iendelee kuwaka hata NFS ikigoma. Baada ya kuhariri fstab: `systemctl daemon-reload`.