Namna ya kukusanya historia ya mama aliyeigiza miaka mingi, kabla haijapotea

Kama una mama, shangazi au jajja (bibi) aliyeigiza jukwaani hapa Kampala alafu baadae akaingia kwenye TV na filamu, anza kumrekodi wiki hii, usingoje Krismasi. Filamu inabaki, lakini mchezo wa jukwaani ukiisha umeisha, na mingine haikuandikwa popote, waigizaji walipewa kisa tu maneno wakayatengeneza wenyewe mazoezini. Rose Mbowa (1943 hadi 1999) alikuwa mwigizaji na pia profesa pale Makerere, kwa hiyo wasomi wameandika juu yake. Lakini wale akina mama waliokuwa wanajaza kumbi kila wikendi, nani kawaandika?

Mimi nimefanya na shangazi yangu, ana zaidi ya miaka 40 kwenye hii kazi.

Kwanza, usimuulize "ilikuwa mwaka gani". Atataja mwaka wowote umwache apumzike. Muulize rais alikuwa nani, alikuwa ananyonyesha mtoto yupi, sukari ilikuwa ya dukani au ya magendo, usiku walirudije nyumbani na askari wamejaa barabarani. Ukishapata hayo miaka inajipanga yenyewe: Amin alichukua nchi Januari 1971 akaondolewa Aprili 1979, NRA, wapiganaji wa Museveni, wakaingia Kampala Januari 1986. Watu wa teatro wana na alama yao nyingine, 1977, Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya jukwaani, alipochukuliwa pale National Theatre akauawa, muda mfupi tu baada ya kutoka Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa la watu weusi na Waafrika. Shangazi akifika hapo ananyamaza. Mwache anyamaze, simu iendelee kurekodi, usimtupie swali lingine. Siku ile alikaa kimya muda mrefu sana, alafu ndo akaanza kunitajia mmoja mmoja wenzake walioacha kuigiza kwa woga, majina ambayo nyumbani hatukuwahi kuyasikia.

Hela pia inasaidia. Mei 1987 zilitoka noti mpya, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1, kwa hiyo akikumbuka kiingilio au ukikuta tiketi kwenye sanduku, bei inakuambia kama ni kabla au baada. Na akisema alicheza UBC, TV ya taifa, miaka ya 80 ujue ni UTV (Uganda Television), ndo iliyokuwepo tangu 1963, jina la UBC limekuja 2005.

Sasa hili ndo naliamini kuliko yote: mwambie asimame. Mwigizaji kumbukumbu zake ziko mwilini, ukimkalisha kwenye kochi na maswali unapata robo tu. Nilimuuliza shangazi habari za mchezo mmoja aliocheza mke mkubwa, akasema amesahau, miaka mingi. Nikamwomba anioneshe tu alivyokuwa anaingia jukwaani. Akachukua lesu akajifunga kiunoni, akatembea hatua tatu kutoka mlango wa jikoni, na maneno yakaanza kutoka, yake, ya mume, ya mke mdogo, mpaka wimbo wa katikati na sehemu ambayo watu walikuwa wanapiga vigelegele ikabidi asubiri. Dakika 20 nzima. Kwa hiyo weka simu mahali panapoonesha mwili wote, sio uso peke yake, na mwache aongee Kiluganda kama aliigiza kwa Kiluganda, kutafsiri utafanya wewe baadae. Ukiweza mlete na mwenzake waliyecheza naye, hao wawili watasahihishana kwa namna ambayo wewe huwezi. Waulize na waliokuwa nyuma ya pazia, nani alipiga ngoma, nani alishona gomesi (yale magauni marefu ya kinamama wa Buganda) za mchezo, nani alikuwa mlangoni akikusanya hela.

Majina yaandike yote. Mama mmoja anaweza kuwa na jina la kwao, la ndoa, la jukwaani, na lile la muhusika ambalo watu wanamuita mpaka leo akiwa kwenye taxi, na magazeti yanachanganya. Ukienda kutafuta magazeti ya zamani kwenye maktaba ya Makerere, kumbuka Uganda Argus enzi za Amin liligeuka Voice of Uganda, New Vision ni kuanzia 1986 na Bukedde 1994, maana ukitafuta jina moja kwenye gazeti moja utasema hakuwepo kumbe alikuwepo.

Kaseti za VHS kuwa nazo makini sana. Ukiona unga mweupe kwenye utepe hiyo ni kuvu, usiitie kwenye deki, itaharibika na kuharibu na zingine. Mimi nilipeleka tatu kwa watu fulani mjini wazihamishe, moja ikarudi tupu, mchezo mzima umefutika, na bado inaniuma. Siku hizi nakaa palepale mpaka kazi iishe. Picha zipige karibu na dirisha bila flashi, nyuma andika kwa penseli, sio biki. Nakala weka angalau tatu, na moja isikae nyumba moja na zile zingine.

Ukimaliza kuandika msomee yote kwa sauti, taratibu, hata ikichukua jioni mbili. Akisema hapa toa, toa, hasa mambo ya waume na ya wenzake waliokufa. Shangazi alitoa kurasa mbili, alafu akaongeza mchezo mmoja ambao hakuwahi kumtajia mtu yeyote.